Maswali Yenu: Farasi, Skafu za Njano na Doria ya Fort Starke

Toleo lililopita tuliitaja She Wore a Yellow Ribbon, filamu ya John Ford ya mwaka 1949, na barua zikamiminika. Kwa ambao hawajaiona: mwaka ni 1876, habari za kuuawa kwa Custer, kamanda wa askari wa farasi wa Marekani, na askari wake huko Little Bighorn walipopigana na Wahindi Wekundu (wenyeji wa asili wa Amerika) zimetapakaa nyandani, na Kapteni Nathan Brittles, anayeigizwa na John Wayne, amebakiza siku chache astaafu. Anapewa doria ya mwisho kutoka kambi ya Fort Starke, na juu ya doria hiyo anabebeshwa mke wa mkuu wa kambi pamoja na mpwa wao, awafikishe kwenye kituo cha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Doria inakwenda mrama. Asiyetaka kuujua mwisho aliruke swali la farasi waliotimuliwa.

Nimeambiwa hii ni sehemu ya pili kati ya tatu. Nikianza nayo nitapotea? Na Tyree wa Rio Grande ndiye huyu huyu? (Msomaji, Morogoro)

Hutapotea. Fort Apache ya 1948, hii ya 1949 na Rio Grande ya 1950 zinaitwa utatu kwa sababu zote tatu ni za Ford, zote zinahusu askari wapanda farasi wa mpakani, yaani ukingo wa makazi ya Wazungu magharibi mwa Marekani, na hadithi zote zilitokana na maandishi ya James Warner Bellah. Kisa cha moja hakiendelei kwenye nyingine.

Kinachowachanganya watu ni majina. Ben Johnson ni Tyree katika mbili za mwisho, lakini huku ni sajini mzoefu aliyewahi kuwa kapteni upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kule ni kuruta anayesakwa na polisi. Victor McLaglen ni Sajini Quincannon katika hizo hizo mbili, ilhali katika Fort Apache anaitwa Mulcahy, na Quincannon wa humo ni mtu mwingine kabisa. Wayne naye ni Kapteni York katika ya kwanza na Luteni Kanali Yorke katika ya tatu. Ford aliyapenda majina akayatumia upya, basi, usitafute ukoo.

Kama una jioni moja tu, anza na Fort Apache. Ndiyo kali kuliko zote: kamanda mwenye kiburi, anayeigizwa na Henry Fonda, anawapeleka watu wake kufa, na jeshi linamgeuza shujaa. Ukishaiona hiyo, upole wa filamu ya pili utaupima vizuri zaidi.

Hawa ni askari wa farasi, lakini muda mwingi wanashuka na kutembea kwa miguu. Baba mdogo anasema ni kujaza muda. Kweli? (Msomaji, Nakuru)

Mwambie baba mdogo kwamba hapo ndipo Ford alipokuwa mkweli kuliko watengenezaji wengi wa filamu za aina hii. Farasi anayepigishwa shoti kutwa nzima yuko kwenye sinema tu. Wa kweli angekuwa hoi kabla ya saa sita mchana, na askari asiye na farasi katikati ya nyanda hizo alikuwa mzigo kwa wenzake.

Hesabu yenyewe ni hii. Farasi wa jeshi la Marekani alipangiwa kilo 6.3 za nyasi kavu na kilo 5.4 za nafaka kwa siku, yaani shayiri au mahindi. Mgongoni alibeba mtu, tandiko, bunduki, risasi, blanketi, koti na posho. Ukijumlisha ni kilo 100 na ushei. Mwendo wa kutembea ni kama kilomita 6 kwa saa, wa matiti (mbio za polepole) unafika 10 hadi 13, na shoti (mbio kali) ni kama 19. Safari ya kawaida ya siku ilikuwa kilomita 40 hivi, na ilitimizwa kwa kuchanganya: kutembea, matiti, kisha amri ya kushuka na kuongoza farasi kwa hatamu. Kushuka huko kulimpunguzia farasi mzigo, kukapoza mgongo, na kukamwamsha askari aliyeanza kusinzia. Anayesinzia huegemea upande mmoja, na tandiko likiegemea upande mmoja kwa saa nzima linachubua.

Kila saa palikuwa na mapumziko mafupi. La kwanza ndilo muhimu, maana asubuhi farasi hujaza tumbo pumzi wakati wa kufungwa mkanda wa tandiko, na blanketi chini yake huwa bado halijalala. Baada ya mwendo mfupi mkanda unalegea. Asiyeukaza hapo tandiko litacheza, na jioni atakuta kidonda. Blanketi lenyewe lilikunjwa tabaka sita, na kunjo moja likikaa vibaya linatosha kumtoa farasi kazini kwa wiki kadhaa. Wakifika kambini, wanaojua kazi hawakulivua tandiko papo hapo. Walilegeza mkanda, wakaliacha mgongoni mpaka jasho lipoe, kwa kuwa mgongo wa moto ukifunuliwa ghafla unavimba.

Tandiko lilikuwa la McClellan, lililopitishwa na jeshi mwaka 1859. Lina mwanya mrefu katikati ili uti wa mgongo wa farasi upate hewa. Ni zuri kwa farasi. Kwa aliyekalia, tusiseme mengi. Mfukoni mwa tandiko askari alibeba viatu viwili vya akiba vya farasi wake, cha mbele na cha nyuma, na misumari yake.

Nafaka ndiyo ilikuwa kamba iliyolifunga jeshi. Chukua kikosi cha farasi 60 kwa siku kumi: kilo 5.4 mara 60 mara 10 ni tani tatu na robo. Gari la nyumbu sita, likibeba tani moja na nusu, halitoshi, mawili hayatoshi. Na nyumbu nao wanakula, kilo 4 za nafaka kila mmoja kwa siku. Ndiyo maana msafara ukiwa na magari unakwenda kama magari, na ndiyo maana Brittles anaandika malalamiko rasmi kwa mkuu wake alipopewa wale kina mama. Huko nje ya sinema, mwaka huo huo wa 1876, safu ya Jenerali Crook iliwafuata Walakota, moja ya makabila ya Wahindi Wekundu, bila chakula cha kutosha, na ilipofika Septemba askari walikuwa wakiwala farasi wao wenyewe.

Kwa hiyo ukiitazama tena, hesabu ni mara ngapi wanashuka. Tazama hasa usiku wa radi: safu nzima inatembea huku imeshika hatamu, na ndani ya gari daktari anampasua koplo aliyejeruhiwa, mke wa meja akisaidia, chupa ya wiski ikizunguka. Kila mtu yuko kazini, na hakuna risasi hata moja.

Kikundi chetu cha maigizo kinataka sare za askari hawa. Skafu ya njano tunayo. Vingine vya kuzingatia? (Kikundi, Mombasa)

Skafu ya njano ni ya Ford zaidi kuliko ya jeshi. Njano ilikuwa kweli rangi ya askari wa farasi wa Marekani tangu 1855, lakini hiyo leso ya shingoni haikuwamo katika sare iliyogawiwa miaka ya 1870. Mtu alijinunulia yake, rangi yoyote. Jukwaani ivaeni tu, maana bila hiyo hakuna atakayewatambua.

Vilivyo sahihi na rahisi kushona ni hivi. Koti la kazi ni buluu iliyokolea, vifungo vitano mbele, kola ya kulala. Suruali ni buluu ya mbingu. Mstari wa njano pembeni mwa suruali haukuvaliwa na kila mtu, na hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea: askari wa kawaida hakuwa nao, koplo alikuwa na wa sentimita 1.3, sajini 2.5, ofisa 3.8. Alama za cheo mkononi zielekezeni ncha chini. Zilikuja kugeuzwa juu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kanda za suruali za mabegani anazovaa Wayne zinapendeza, ila jeshi lilikuwa bado halijaanza kuzigawa. Bendera ndogo yenye mkia wa mbayuwayu, nyekundu juu na nyeupe chini, nayo si ya 1876. Kati ya 1862 na 1885 vikosi vilibeba ya umbo hilo hilo lakini yenye nyota na mistari ya bendera ya taifa. Mkiwa na fundi mzuri fanyeni hiyo. Mkiwa na haraka, nyekundu na nyeupe itapita.

Kuna ukweli kwamba bunduki zao zilikuwa zinakwama? (Msomaji, Bukoba)

Upo, ila umetiwa chumvi. Bunduki ya askari wa farasi ilikuwa Springfield fupi ya 1873, ya risasi moja moja: unafungua kifuniko cha juu, unaingiza risasi, unafunga, unavuta nyundo, unafyatua, unafungua tena na ganda linaruka. Risasi yake ni ya gramu 26, ikisukumwa na gramu 3.6 za baruti. Askari wa miguu mwenye bunduki ndefu alipewa gramu 4.5, lakini kipimo hicho kwenye bunduki fupi kingeumiza bega.

Shida ilikuwa ganda. Lilitengenezwa kwa shaba nyekundu, ambayo ni laini. Bunduki ikipata moto kwa kufyatuliwa mfululizo, au risasi ikiwa imechakaa kwa kukaa kwenye mkanda wa ngozi, ganda linatanuka na kushika kuta. Kikwapuzi, kile chuma cha kulivuta ganda nje, kinachana ukingo wake na kuliacha ndani. Hapo unatafuta kisu. Baadaye jeshi likahamia shaba njano, ambayo hurudi kidogo baada ya kutanuka. Hata hivyo, uchimbaji uliofanywa Little Bighorn miaka ya 1980 ulipata maganda machache tu yenye alama za kuchokolewa kwa kisu, kwa hiyo usimpe Custer kisingizio hicho.

Jambo kubwa kuliko kukwama ni hesabu ya watu. Askari wa farasi walipigana wakiwa wameshuka. Kila wanne, mmoja alibaki nyuma na farasi wanne. Watu 40 wakishuka, wanaopiga ni 30. Na upanga wanaoupunga kwenye mabango ya sinema, kwenye kampeni ya 1876 kikosi cha Custer kiliuacha kambini kwa sababu ni mzito na una kelele.

Ile radi ni ya kweli au ya studio? (Msomaji, Dodoma)

Ya kweli, ilipigwa Monument Valley, mpakani mwa Utah na Arizona, vuli ya 1948. Ili uone ugumu wake, elewa kamera. Technicolor, kampuni na mfumo wake wa sinema za rangi, ya wakati ule haikuwa na filamu moja ya rangi. Mwanga uliingia kwenye lenzi, ukagawanywa na prizimu, ukaangukia mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe, kila mmoja ukichukua sehemu yake ya rangi. Baadaye maabara ilitengeneza kutoka kila mkanda muhuri wake, ikaipiga picha rangi tatu moja juu ya nyingine, kama kanga inavyopigwa rangi kiwandani. Kwa kuwa mwanga unagawanywa, hitaji lake ni kubwa mno: wepesi wa mfumo mzima wa kuhisi mwanga, unaopimwa kwa ISO, haukufika 20, wakati simu yako usiku inapanda hadi elfu na zaidi bila kukuuliza. Mbingu ikitanda wingu zito, kwa kanuni za kampuni ile, mlikuwa mnafunga vyombo na kurudi hotelini.

Mpiga picha Winton Hoch alikuwa na faida moja: kabla ya kushika kamera alikuwa mtaalamu wa maabara ya Technicolor yenyewe. Alijua mkanda unavumilia kiasi gani. Akapata Oscar ya upigaji picha wa rangi. Ford alitaka rangi za mchoraji Frederic Remington, na ukitazama machweo yale, vumbi jekundu na makoti ya buluu yaliyofifia, utaona walivyokaribia.

Nyongeza kwa wanaopenda kusafiri: chumba cha Kapteni Brittles kinachoonekana nje kilikuwa ghala la viazi la duka la Goulding huko huko Monument Valley, na bado kimesimama.

Mbona hakuna askari mweusi hata mmoja? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa sababu Hollywood ya 1949 haikutaka kuwaonyesha. Mpakani walikuwepo, na kwa wingi. Baada ya 1866 Marekani ilikuwa na rejimenti kumi za askari wa farasi, na mbili kati yake, ya 9 na ya 10, zilikuwa za watu weusi chini ya maofisa karibu wote weupe. Walihudumu Texas, Kansas, New Mexico na Eneo la Wahindi Wekundu (Oklahoma ya leo), wakilipwa dola 13 kwa mwezi kama kuruta mwingine yeyote. Mwaka 1877 Henry Flipper akawa mweusi wa kwanza kuhitimu West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, akapangiwa rejimenti ya 10.

Ford alilirudia suala hilo mwaka 1960 kwa Sergeant Rutledge, Woody Strode akiwa sajini wa rejimenti ya 9 anayeshtakiwa mahakama ya kijeshi. Ni filamu yenye maneno mengi kupita kiasi, lakini Strode peke yake anaibeba. Kuhusu Wahindi Wekundu: wanaoonekana kama Wacheyenne na Waarapaho kwenye filamu hizi wengi ni Wanavajo, wenyeji wa Monument Valley, na wanachosema ni Kinavajo.

Mwishoni Brittles anawatimua farasi wa Wahindi usiku, vita vinaisha bila mtu kufa. Jambo hilo liliwezekana? (Msomaji, Kigoma)

Wazo la kijeshi ni sahihi kabisa. Yaliyotokea kwa kweli ndiyo hayakuwa mepesi hivyo.

Kwanza ujue kwa nini farasi. Farasi wa Wahindi wa nyandani aliishi kwa nyasi tu. Hakuhitaji lile gari la nafaka. Katika majira ya nyasi tele, kikundi kilikwenda popote, na kila mpiganaji alikuwa na farasi kadhaa wa kubadilisha, huku askari akiwa na mmoja aliyechoka. Kuwafukuza ilikuwa kazi bure. Lakini ukiwatoa farasi, hawana namna ya kuwinda nyati, kuhamisha mahema wala kukimbia. Ndiyo sababu jeshi lilipenda pia kushambulia majira ya baridi, wakati nyasi zimekwisha na farasi hao wamekonda.

Sasa tukio lenyewe. Tarehe 28 Septemba 1874, Kanali Ranald Mackenzie na rejimenti ya 4 waliteremka alfajiri kwenye bonde lenye kuta ndefu la Palo Duro, kaskazini mwa Texas, penye kambi za Wakomanchi, Wakiowa na Wacheyenne. Waliokufa siku hiyo walikuwa wachache, maana wengi walipanda kuta za bonde wakatoroka. Waliacha mahema, chakula cha majira ya baridi, na farasi kama 1,400. Mackenzie alishawahi kuteka farasi wa Wakomanchi, na wenyewe wakaja usiku wakawatimua na kuwarudisha. Safari hii hakubahatisha. Aliwatenga wachache kwa ajili ya wasaidizi wake, kisha akaamuru waliobaki, zaidi ya 1,000, wapigwe risasi. Mifupa yao ilikaa pale miaka mingi.

Hakuhitaji vita kubwa baada ya hapo. Watu walitembea kwa miguu, kwenye baridi, hadi kwenye kambi za serikali, na Juni 1875 kundi la Quanah, kiongozi wa Wakomanchi, likajisalimisha kwenye kambi ya jeshi ya Fort Sill. Filamu inaliweka tukio lake mwaka mmoja tu mbele ya hapo, ikamfanya kapteni wake awaongoze farasi kwenda zao, na Wahindi wawafuate kwa miguu hadi kambini kwao kama watu waliotaniwa. Ukikumbuka Palo Duro, tamati hiyo inasumbua, na tunadhani inapaswa kusumbua.

Ni kweli John Wayne alifika kwetu? (Msomaji, Arusha)

Alifika. Hatari! ya Howard Hawks ilipigwa Tanganyika mwaka 1960 na 1961, pamoja na maeneo ya Momella, ikatoka 1962. Ford mwenyewe alitangulia Afrika Mashariki kwa Mogambo, iliyotoka 1953, akiwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Tukipata nafasi tutaziandikia ukurasa wake.

Nikiiweka kwenye TV inaacha giza pande zote mbili. TV mbovu au nakala mbovu? (Msomaji, Thika)

Vyote vizima. Filamu za 1949 zilipigwa kwa umbo la karibu mraba, upana 1.37 kwa urefu 1, na TV yako ni 16 kwa 9. Giza la pembeni ni haki yake. Ukibonyeza kujaza skrini utapata farasi wanene na Wayne mfupi, au kofia zimekatwa. Nenda kwenye mpangilio wa picha, chagua 4:3 au ukubwa wa asili. Zima ule ulainishaji wa mwendo unaofanya filamu ionekane kama tamthilia ya runinga, na utoe hali ya rangi kali uweke ya sinema. Buluu ya makoti ikionekana zambarau, shusha rangi kidogo kabla hujagusa mwangaza. Na usiku wa radi zima taa ya sebuleni, maana mwanga wa tukio lile ni haba kiasi kwamba taa moja tu inatosha kuufuta.